Barua ya wazi kuhusu makocha wa kikapu vyuoni, baada ya ile ya siri kurudi mikononi mwa kocha

Kwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Michezo la Taifa,
Kwa viongozi wa Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania,
Kwa wakuu wa vyuo na washauri wa wanafunzi, popote mlipo.

YAH: MALALAMIKO YA WACHEZAJI WA KIKE DHIDI YA MAKOCHA WAO

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu.

Nimeanza kwa lugha ya ofisi makusudi. Barua yangu ya kwanza kuhusu jambo hili niliianza hivyo hivyo, nikiwa mwaka wa pili chuoni, maana tangu sekondari tumefundishwa kwamba barua iliyofuata muundo hujibiwa. Tulikuwa wasichana watano juu ya kitanda kimoja cha hosteli. Mimi niliandika kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, wenzangu wakinitajia la kuandika. Tuliirudia mara tatu. Tukaitia kwenye bahasha ya kaki, tukaandika SIRI kwa kalamu nyekundu, nikaipeleka ofisini kwa mshauri wa wanafunzi. Katibu muhtasi akagonga muhuri wa kupokelewa, akaniambia nitaitwa.

Sikuitwa. Alhamisi ya wiki ile, tulipomaliza kupasha misuli, kocha alituita tusimame duara katikati ya kiwanja. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa traksuti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilikuwa hatua mbili kutoka alipo, na kitu cha kwanza nilichokiona ni ule muhuri wa bluu, umegongwa upande, tarehe yake nusu haisomeki. Akasoma aya moja, ile ya mizani, akiigiza sauti ya kike. Wapo waliocheka. Siwalaumu, hata mimi nilitabasamu, sijui kwa nini. Halafu akasema mwandiko ule anaujua, ni wa anayejaza daftari la mahudhurio. Daftari la mahudhurio nilikuwa nalishika mimi.

"Haya, mistari," akasema. Tulikimbia mistari mpaka taa za barabarani zikawaka, na mmoja wetu akatapika chini ya nguzo ya goli.

Ndiyo maana ya leo haina bahasha.

Niseme mapema kwamba sitakitaja chuo wala kumtaja kocha. Yule bwana hajawahi kusikilizwa na mtu yeyote mwenye mamlaka ya kuamua, nami siwezi kuwa mlalamikaji, shahidi na hakimu kwenye ukurasa mmoja. Tuhuma ni tuhuma. Ninacholalamikia hapa ni njia iliyoitoa barua kwenye meza ya mshauri wa wanafunzi na kuifikisha kwenye mfuko wa mtuhumiwa ndani ya siku tatu. Njia hiyo ni yenu, waheshimiwa.

Mle ndani tulikuwa tumeandika mambo manne. La kwanza mizani. Ilikuwa mizani ya chuma, kama zile za stendi ambazo mtu hupanda kwa sarafu akajua uzito wake. Kila Jumatatu tuliipanda mmoja mmoja, timu ya wavulana ikiwa imekaa pembeni kusubiri kiwanja, na kocha akitangaza kilo kwa sauti ya mpiga debe. Aliyezidisha alipewa jina la wiki. Mimi niliwahi kuwa Lori kwa wiki sita mfululizo. Mwenzetu mmoja, mchezaji wetu mzuri kuliko wote chini ya goli, aliacha kula chakula cha usiku muhula mzima, akaanza kuanguka mazoezini. Kocha akamwandika mvivu.

La pili jezi. Stoo ya michezo ilikuwepo na kufuli lake, lakini jezi za wasichana zilikaa nyumbani kwa kocha, eti kwa usalama. Kila mmoja aende kuchukua ya kwake, peke yake, saa atakayopangiwa. La tatu simu. Ujumbe uliingia saa tano usiku: "Umelala?" Aliyejibu usiku ule alianza mechi. Aliyejibu asubuhi alianza benchi, na asiyejibu kabisa alipiga makofi mpaka filimbi ya mwisho. La nne aliliandika mwenyewe aliyelipata, mistari sita, kwa mkono wake. Sitalirudia hapa kwa kuwa si langu.

Najua swali linalofuata, maana nimeulizwa hata na mama yangu mzazi: si mngeacha tu? Kikapu si lazima.

Anayeuliza hivyo hajawahi kuona orodha ya safari. Ni karatasi moja, imebandikwa kwa selotepu kwenye mlango wa stoo, majina kumi na mawili, na inaandikwa na mtu mmoja. Ukiwa ndani ya ile karatasi unapata posho ya siku zote za mashindano. Mwaka ule bumu, pesa ya mkopo wa wanafunzi, lilichelewa, kuna wenzetu walikuwa wanaishi kwa chai na chapati moja mchana, na posho ya safari ilikuwa chakula cha mwezi. Kuna wanaopunguziwa ada kwa sababu ya mpira, hao ndio kabisa hawana pa kukimbilia. Halafu kuna jambo ambalo nadhani wengi wenu hamlijui kwa sababu halionekani kwenye bajeti. Ukisafiri na timu unakosa majaribio ya darasani, na mhadhiri hakurudishii jaribio bila barua ya ruhusa. Barua ile inaanzia kwa kocha. Mwenzetu aliyegombana naye tukiwa njiani kurudi hakupata barua, akakosa alama za jaribio, akaingia sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo alilokuwa analiongoza. Kwa hiyo yule mtu alishika nafasi yetu uwanjani, chakula chetu, na matokeo yetu ya mtihani, vyote kwa kalamu ile ile. Na tulipokwenda kumshtaki tuligundua ameshika na sikio la ofisi.

Sheria ipo. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinasema mtu mwenye mamlaka akidai ngono, au upendeleo mwingine wowote, kama sharti la kumpa mtu ajira, cheo, haki au nafasi ya upendeleo, ametenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa maoni yangu ni adhabu ndogo, lakini ipo. Kabla yake kulikuwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Mimi kifungu cha 25 nilikisikia mara ya kwanza kwenye semina kazini, miaka miwili baada ya kuhitimu, nikiwa na sambusa mkononi. Chuoni kwetu bango la TAKUKURU lilikuwepo, lenye namba 113 kwa maandishi makubwa, limebandikwa dirishani kwa mhasibu na picha ya mkono unaopitisha noti chini ya meza. Kwenye mlango wa stoo ya michezo halikuwepo. Tuliona rushwa ni habari ya pesa, na kocha wetu hakuwahi kutuomba hata senti.

Msidhani haya ni ya vyuo vyetu vya kuungaunga bajeti. Nendeni Lubbock, Texas, kwenye Chuo Kikuu cha Texas Tech. Tarehe 5 Agosti 2020 gazeti la USA Today lilichapisha malalamiko ya wachezaji wa timu ya kikapu ya wanawake. Walisema walivalishwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo na kutakiwa moyo usishuke chini ya asilimia 90 ya uwezo wake wakiwa mchezoni, la sivyo wanapunguziwa dakika za kucheza. Walieleza kudhalilishwa na kukejeliwa, na kuishi kwa woga. Msaidizi wa mazoezi ya nguvu, aliyekuwa ameshajiuzulu mwezi Machi, alituhumiwa kwa unyanyasaji wa kijinsia. Wachezaji 12 kati ya 21 walikuwa wameondoka tangu kocha mkuu aanze kazi mwaka 2018, wakiwemo 7 ambao benchi lake mwenyewe ndilo lililowasajili.

Nilisoma habari ile kwenye daladala, nikashuka kituo kisicho changu. Kilichonigusa zaidi ya mapigo ya moyo ni mahali gazeti lilipoyapata yale maneno. Sehemu kubwa yalitoka kwenye mahojiano ambayo chuo chenyewe kiliyafanya na wachezaji mwisho wa msimu, kwa misimu miwili. Yaani wasichana waliulizwa, wakajibu, yakaandikwa, yakawekwa kwenye faili. Kesho yake, tarehe 6 Agosti, kocha akafukuzwa. Alipinga na baadaye akafungua kesi dhidi ya chuo, hiyo ni haki yake. Ila jiulizeni karatasi zile zilikuwa zinasubiri nini kabatini kwa misimu miwili, ikiwa siku moja ya gazeti ilitosha.

Na kocha yule alikuwa mwanamke. Hili nalisema kwa sauti kwa sababu kila ninapolizungumza suala hili kuna mtu ananikata kauli: "Wekeni makocha wa kike, yataisha." Makocha wa kike wawekwe, hata kesho, wengi wanastahili na wameachwa. Lakini mwanamke ukimkabidhi orodha, posho, ruhusa na sikio la ofisi kwa pamoja, bila wa kumwangalia, na yeye ni binadamu.

Huko huko Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha Jimbo cha San José, waogeleaji 17 wa kike walimlalamikia mkuu wa tiba za wanamichezo mwaka 2009, kwamba anawagusa isivyostahili kwa kisingizio cha matibabu. Chuo kikachunguza, kikasema hana kosa, akaendelea kuwahudumia wanamichezo wa kike kwa miaka mingine kumi. Aliyekataa kunyamaza ni kocha wao wa kuogelea, ambaye alikusanya maelezo mpaka yakakaribia kurasa 300 na kuyapeleka kila mahali palipokuwa na mlango. Mwaka 2021 chuo kilikubaliana na Wizara ya Sheria ya nchi ile kulipa dola milioni 1.6. Namtaja yule kocha wa kuogelea kwa sababu nisingependa mtu asome barua hii akadhani naona kila mwenye filimbi shingoni ni fisi. Kocha wangu wa sekondari, mwalimu wa hesabu, alikuwa mkali kuliko huyu wa chuo. Alitupigisha mitupo huru mia moja kabla ya chai, na ukikosa kumi mfululizo unaanza upya. Jezi zetu zilikaa kwenye sanduku kwa matroni. Namba ya simu ya mwanafunzi hata mmoja hakuwa nayo, na hakuihitaji.

Mkitaka mfano wa bara letu, upo wa Mali. Mwaka 2021 wachezaji wa timu za vijana za wasichana walieleza jinsi makocha walivyowataka kingono ili wapate nafasi kwenye timu. Kocha wa timu ya chini ya miaka 18 alikamatwa Julai mwaka huo. Shirikisho la dunia, FIBA, likamkabidhi uchunguzi Mkanada Richard McLaren, na ripoti yake ya Septemba ikasema unyanyasaji ulikuwa umezoeleka ndani ya mfumo kiasi cha kukubalika. Mali ni miongoni mwa nchi zinazotisha Afrika kwa kikapu cha wasichana, vikombe kabati zima. Wale waliokuwa wanasema "mwacheni kocha, analeta matokeo" hawakuwa wanasema uongo kuhusu matokeo.

Sasa ninachoomba.

Lalamiko la mchezaji lisipitie ofisi ya michezo ya chuo, wala kwa mtu yeyote anayekunywa chai na kocha. Najua miaka ya karibuni vyuo vimetakiwa kuwa na madawati ya jinsia, na nimefurahi. Lakini nimetembelea dawati moja mwaka jana kwa udadisi wangu, nikakuta ni meza ndani ya chumba cha watu wanne, na mmoja wa wale wanne ni afisa michezo. Hapo msichana ataongea nini? Baraza la Michezo liwe na mtu wake, mwenye jina na namba ya simu, ambaye chuo hakimlipi mshahara. Akipokea lalamiko, kocha akae pembeni mpaka uchunguzi uishe, mshahara wake ukiendelea, na uchunguzi uwe na siku zilizohesabika. Mimi ningesema thelathini. Asiye na kosa arudi uwanjani akiwa na barua inayomsafisha, kwa sababu wapo watakaosingiziwa, nami sitaki wasingiziwe kwa jina langu.

Orodha ya safari isainiwe na watu wawili na vigezo vyake vibandikwe pembeni yake. Posho iingie kwenye simu ya mchezaji moja kwa moja. Barua za ruhusa zitoke kwa ofisi ya taaluma kwa kila jina lililopo kwenye orodha, bila kocha kuwa wa kuchagua. Kila timu ya wasichana isafiri na mlezi wa kike ambaye kocha hakumteua, maana sisi tulikuwa naye mlezi, alikuwa shemeji yake. Jezi zilale stoo. Ujumbe upitie kwenye kundi la timu, mbele ya macho ya wote. Mizani ikihitajika, na kuna wakati inahitajika, apime muuguzi, mlango ukiwa umefungwa.

Na daftari la makocha. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Kocha wetu aliondoka mwaka mmoja baada ya sisi kuhitimu. Hakufukuzwa. Aliagwa, kulikuwa na keki yenye umbo la mpira, picha nimeziona. Leo anafundisha kwingine, na waliomwajiri hawakuwa na mahali pa kuuliza hata kama wangetaka. Shirikisho linajua nani ana cheti cha ukocha cha ngazi gani. Lijue pia nani amelalamikiwa wapi na ikaishaje. Kama haikuchunguzwa, basi iandikwe hivyo: haikuchunguzwa.

Mtaniambia nalichafulia jina soko la kikapu la wasichana, ambalo wadhamini wake wanahesabika kwa vidole. Nimeambiwa hivyo tayari, na mtu ninayemheshimu, dada mmoja aliyetutangulia kucheza. Alinishika mkono akasema, "Mdogo wangu, hata sisi tulipitia, tukavumilia." Nilimwuliza walikuwa wangapi kwenye timu yao. Akasema kumi na nne. Nikamwuliza ni wangapi bado wanacheza au kufundisha. Akahesabu, akarudia kuhesabu, akabadilisha mazungumzo.

Mimi siku hizi nafundisha kikapu jioni kwenye kiwanja cha mtaani, wasichana wa sekondari, kwa kujitolea. Mipira tunayo mitatu, mmoja una kidonda tunaupuliza kila baada ya nusu saa. Kuna binti mmoja ana mkono wa kushoto ambao sijauona kwa mtu mwingine. Amemaliza kidato cha sita, anasubiri dirisha la maombi ya vyuo lifunguliwe. Ameshaniuliza mara mbili, "Dada, kule ulikosoma wewe kikapu kikoje?"

Nimemwambia nitampa jibu. Nasubiri la kwenu kwanza.

Wenu,
Aliyevaa jezi namba 7
Dar es Salaam